Buluu, Kijani na Kaisari

Katikati ya Istanbul, mbele ya Msikiti wa Sultan Ahmed, upo uwanja mrefu mwembamba uliosakafiwa kwa mawe, wenye madawati na miti pembeni. Wageni hupita hapo wakielekea msikitini au Hagia Sophia, hupiga picha chini ya mnara wa Kimisri, hununua mahindi ya kuchoma na kwenda zao. Nguzo tatu za kale zilizobaki zinaanzia ndani ya mashimo yaliyozungushiwa vyuma, kwa sababu ardhi ya zamani iko mita kadhaa chini ya nyayo za wapita njia. Huko chini ndiko magari ya farasi yaliposhindana kwa karibu miaka elfu moja, na ndiko makaisari walipovishwa mataji, walipozomewa, na wengine walipokatwakatwa.

Uwanja huo ulitokana na kisasi. Mwishoni mwa karne ya 2 mji uliitwa Byzantium, bandari ya Kigiriki inayojivunia kukaa pale Ulaya na Asia zinapokaribiana. Katika vita vya kugombea kiti cha Roma, watu wake walimuunga mkono Pescennius Niger, na Niger akashindwa. Mshindi alikuwa Septimius Severus, mtoto wa Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Aliuzingira mji kwa zaidi ya miaka miwili, akabomoa kuta zake na kuuvua hadhi. Hasira ilipopoa akatambua kuwa mahali kama pale hapaachwi magofu. Akaujenga upya, na mnamo mwaka 203 akaanzisha uwanja wa mbio za magari ya farasi kwa mfano wa Circus Maximus wa Roma.

Aliyeupa ukubwa wake ni Kaisari Constantine. Alipoufanya mji huo kuwa makao yake mapya, Konstantinopoli, na kuuzindua tarehe 11 Mei 330, sherehe zilifanyika uwanjani. Urefu ulifika mita 450 hivi, upana zaidi ya mita 100, na makadirio ya watu walioweza kukaa humo yanaanzia 30,000 hadi 100,000. Upande wa kusini kilima kinateremka ghafla kuelekea Bahari ya Marmara, basi wajenzi wakapandisha ukuta mkubwa wa matao uliopinda, ili uwanja uendelee kuwa tambarare pale ambapo ardhi imeishia. Ukuta huo bado umesimama. Ukishuka vichochoro vya nyuma ya uwanja utaukuta, wa matofali na mawe, mrefu kupita nyumba zilizouegemea.

Jambo la maana kuliko vipimo hivyo lilikuwa roshani ya kaisari, kathisma, upande wa mashariki. Ilishikana na Kasri Kuu kwa ngazi ya kuzunguka, hivyo kaisari aliweza kutoka chumbani kwake na kutokea mbele ya maelfu ya watu bila kukanyaga barabara. Katika mji ambao mtawala aliishi nyuma ya milango, walinzi na matowashi, hapa ndipo mtu wa kawaida alipomwona kwa macho yake. Na kaisari naye alilazimika kuwasikia. Watu walipaza maombi na malalamiko kwa sauti moja yenye mizani: kuhusu bei ya mkate, kodi, hakimu mla rushwa. Kaisari akajibu kupitia kwa mpiga mbiu wake. Wanaouandika uwanja huu kama mahali pa starehe tu wanaukosea. Farasi walikuwa sababu ya watu kukusanyika, lakini mara nyingi mbio hazikuwa ndiyo shughuli yenyewe.

Hata hivyo mbio zilikuwa mbio kwelikweli. Upande wa kaskazini kulikuwa na milango 12 ya kuanzia. Kila gari lilikuwa jepesi, la magurudumu mawili, likikokotwa na farasi wanne waliofungwa sambamba. Nafasi za kuanzia zilipangwa kwa kura ili kuzuia hila. Kaisari aliangusha kitambaa, milango ikafunguka kwa pamoja, na magari yakazunguka mara saba. Hatari kubwa ilikuwa kwenye kona: anayekata kona karibu sana anagonga jiwe, anayeipanua anapitwa. Mwendeshaji alijifunga hatamu kiunoni, kwa hiyo gari likipinduka aliburutwa. Katika karne ya 6 siku moja iliweza kuwa na mbio 24, na katikati yake walitumbuiza wacheza ngoma, wanasarakasi na wanyama.

Magari yalizunguka ukuta mrefu wa katikati ambao makaisari waliupamba kwa vitu walivyokusanya, au tuseme walivyopora, kutoka pembe zote za dola. Mnara wa jiwe jekundu ulitoka Karnak, Misri, ambako Farao Thutmose III aliusimamisha karibu miaka 1,500 kabla ya Kristo. Kilichofika ni sehemu yake ya juu tu, ya mita 20 hivi. Ulisimamishwa mwaka 390 chini ya Kaisari Theodosius I na mkuu wa mji aliyeitwa Proculus, na kitako chake kina maandishi ya kujisifia kazi hiyo. Upande wa Kilatini unasema ilichukua siku 30, upande wa Kigiriki unasema 32. Waandishi wawili wa jiwe moja hawakupatana hesabu. Proculus mwenyewe hakufaidi sifa hizo kwa muda mrefu. Aliangushwa kisiasa, akauawa, jina lake likakwanguliwa kwenye jiwe, na baadaye likachongwa tena.

Karibu na mnara huo ilisimama nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, iliyotengenezwa na miji ya Wagiriki baada ya kuwashinda Waajemi huko Plataea mwaka 479 kabla ya Kristo. Constantine aliichukua kutoka hekalu la Delphi. Vichwa vya nyoka vilipotea karibu na mwaka 1700, lakini mwili wake upo hadi leo.

Timu zilikuwa nne kwa rangi: Nyekundu, Nyeupe, Buluu na Kijani. Kadiri miaka ilivyopita mbili za kwanza zilibaki vivuli, na mji ukagawanyika kati ya Buluu na Kijani. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua mtu anavyozaliwa katika nyumba ya Simba au ya Yanga, anavyooa, anavyokosana na jirani na anavyozikwa akiwa na rangi yake. Lakini Buluu na Kijani walikuwa na zaidi ya hayo. Walipangiwa sehemu zao za kukaa mbele ya kaisari, walikuwa na viongozi wa kuimbisha, waliendesha maonyesho ya mji, na vijana wao walitembea usiku na silaha. Mwanahistoria Procopius, aliyewachukia kabisa, anaeleza vijana walionyoa nywele za mbele na kuziacha ndefu kisogoni kwa mtindo wa Wahuni wa Asia, wakavaa mikono ya nguo iliyopanuka mabegani ili waonekane wana misuli. Ukisoma maneno yake unamsikia mzee analalamikia vijana wa mtaani, ila hawa waliua watu kweli.

Waendeshaji walikuwa nyota. Aliyewapita wote ni Porphyrius, mzaliwa wa Libya aliyekulia Konstantinopoli, aliyeshindana tangu mwishoni mwa karne ya 5 na kuendelea hadi uzeeni. Aliwaendeshea Buluu, akahamia Kijani, akarudi, na mashabiki wa pande zote mbili wakamsimamishia sanamu katikati ya uwanja wakati bado anashindana, heshima iliyokuwa adimu. Sifa yake kubwa ilikuwa mchezo wa kubadilishana farasi: baada ya kushinda, bingwa alichukua farasi wa aliyeshindwa, akampa wake, na mbio zikarudiwa. Aliyeshinda tena aliwathibitishia watu kuwa ushindi ulikuwa mikononi mwake na si miguuni mwa farasi. Vitako viwili vya sanamu zake vimo katika Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul. Sifa hizo zisitufumbe macho: mwaka 507, alipokuwa Antiokia, aliongoza mashabiki wa Kijani kuvamia na kuchoma sinagogi la Wayahudi huko Daphne. Kutoka ushangiliaji hadi mauaji hapakuwa mbali.

Siku moja uwanjani, mwanzoni mwa karne ya 6, mama mmoja alitokea mbele ya jukwaa la Kijani na mabinti zake watatu wadogo, vichwani mwao wamevaa mataji ya maua. Mumewe Acacius, mlinzi wa dubu wa Kijani, alikuwa amefariki, na kazi aliyotarajia apewe mume wake mpya ilikuwa imepewa mtu mwingine. Kijani wakawapuuza. Buluu, waliokuwa wamefiwa na mlinzi wao wa dubu, wakawapokea. Binti mmojawapo aliitwa Theodora. Alikua, akawa mwigizaji, akaolewa na Justinian, kaisari wa baadaye, na mwaka 527 akawa malkia wa dola nzima. Hakuwasahau Buluu, wala Kijani.

Januari 532 mji ulikuwa umechoka. Justinian alihitaji fedha kwa vita na majengo, na waziri wake wa fedha, John wa Kapadokia, aliwakamua watu bila huruma. Tarehe 10 wafuasi kadhaa wa timu zote mbili waliohukumiwa kwa mauaji walipelekwa kunyongwa. Mti wa kunyongea ukavunjika, wawili wakaanguka wakiwa hai. Wakafungwa tena, wakaanguka tena. Bahati iliyoje, mmoja alikuwa Buluu na mwingine Kijani. Watawa wakawachukua na kuwaficha kanisani, na mkuu wa mji akaweka askari mlangoni.

Jumanne tarehe 13 kulikuwa na mbio. Tangu asubuhi timu zote mbili zilimwomba kaisari awasamehe wale wawili. Hakujibu. Walipofika mbio ya 22 kati ya 24, uwanja ukasikia jambo ambalo haukuwahi kulisikia: Buluu na Kijani wakishangiliana, wakaanza kupiga kelele kwa neno moja, "Nika!", yaani "Shinda!", neno walilokuwa wakiwaambia waendeshaji wao. Jioni wakatoka uwanjani wakiwa kundi moja na kuchoma makao ya mkuu wa mji. Moto ukaendelea kwa siku kadhaa. Hagia Sophia ya zamani iliteketea, na jengo la baraza la wazee, lango la kasri, na hospitali ya Samson pamoja na wagonjwa waliokuwamo. Justinian akamfukuza John wa Kapadokia na maofisa wengine wawili waliochukiwa. Haikusaidia, watu walikuwa wameonja nguvu zao.

Jumapili tarehe 18 kaisari alitokea kwenye roshani akiwa ameshika Injili, akaapa kuwasamehe wote. Baadhi walimshangilia, wengi wakamtukana mwongo. Akarudi ndani. Umati ukaenda kumtoa nyumbani Hypatius, mpwa wa kaisari wa zamani Anastasius. Mkewe Mary alimng'ang'ania akilia kwamba wanampeleka kwenye kifo, na alikuwa sahihi. Hypatius akavishwa mkufu wa dhahabu badala ya taji, akapelekwa uwanjani na kukalishwa kwenye kiti cha Justinian mwenyewe.

Kasrini, ukuta mmoja tu kutoka hapo, meli ilikuwa tayari kumtorosha kaisari. Kwa maelezo ya Procopius, ni Theodora aliyesimama mbele ya baraza la wanaume na kukataa: aliyewahi kutawala hawezi kuishi mkimbizi, na yeye yuko radhi kufa malkia. Kama alisema hivyo kwa ufasaha ule ule ambao Procopius anamwekea mdomoni, hilo ni suala jingine. Towashi Narses akapenyeza dhahabu kwa viongozi wa Buluu, akawakumbusha kuwa Hypatius anapendwa na Kijani. Buluu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ndipo majemadari Belisarius na Mundus wakaingia na askari kutoka pande mbili na kuwafungia waliobaki ndani. Uwanja ule ulijengwa ili watu wengi waingie na kukaa. Kutoka kwa haraka hakukufikiriwa. Procopius anasema walikufa zaidi ya 30,000. Hesabu za wanahistoria wa kale hupenda kunenepa, lakini hata tukiipunguza nusu, bado ni mauaji makubwa kuliko yote ambayo mji huo ulifanyiwa na mtawala wake.

Kesho yake Hypatius na ndugu yake Pompeius waliuawa na miili ikatupwa baharini. Mbio zilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Mwezi Februari mwaka huo huo Justinian akaanza kujenga Hagia Sophia mpya, ile inayosimama hadi leo, ikamalizika Desemba 537. Wengi wanaoistaajabia hawajui kwamba kiwanja chake kilisafishwa na mashabiki wa mbio za farasi.

Hata hivyo si ghasia za Nika zilizoua mbio. Fedha ndizo zilizoziua. Katika karne ya 7 dola ilipoteza Syria na Misri kwa majeshi ya Waarabu, na pamoja nayo nafaka na kodi. Farasi wazuri, mazizi, waendeshaji na wachezaji havikulipika tena kama zamani. Mbio zikawa chache, za sikukuu. Buluu na Kijani, waliokuwa wakitetemesha kasri, wakageuzwa kuwa waimbaji wa itifaki, wenye mavazi na nyimbo zilizoandikwa tayari za kumsifu kaisari.

Kazi nyingine ya uwanja, ya kuonyesha nani yuko juu na nani yuko chini, iliendelea. Justinian II alipopinduliwa mwaka 695 alikatwa pua uwanjani. Kwa desturi ya dola hiyo mwenye kilema hakufaa kutawala, lakini huyu alirudi mwaka 705 na jeshi la Wabulgari, akawaleta wanaume wawili waliokalia kiti chake, Leontius na Tiberius, akawalaza chini ya roshani na kutazama mbio akiwa ameweka mguu mmoja juu ya shingo ya kila mmoja. Kisha akawaua. Mwaka 1185 Kaisari Andronikos I, baada ya kuteswa na kutembezwa mitaani juu ya ngamia, alitundikwa uwanjani miguu juu na umati ukammaliza kwa visu na mapanga.

Kuna pia kisa chepesi zaidi, ingawa nacho kina msiba ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1160, Sultani wa Waturuki Waseljuki, Kilij Arslan II, alikuja kumtembelea Kaisari Manuel. Mtu mmoja wa Kituruki akapanda mnara juu ya milango ya kuanzia, akiwa amevaa kanzu nyeupe pana iliyoshonwa ili ishike upepo, akatangaza kwamba ataruka kuvuka uwanja mzima. Alisita sana akipima upepo, watu wakimhimiza kwa kelele. Aliporuka alianguka kama jiwe na kufa, na kwa siku kadhaa wenyeji hawakuacha kuwakejeli Waturuki waliopita sokoni.

Mwaka 1204 wanajeshi wa Vita vya Msalaba, waliokuwa njiani kwenda kupigana na Waislamu, waliuteka mji huu wa Wakristo. Sanamu kubwa ya shaba ya Hercules, kazi ya Lysippos, iliyeyushwa pamoja na nyingine nyingi ili kufua sarafu. Mwandishi Niketas Choniates, aliyeshuhudia, aliziorodhesha moja baada ya nyingine kama mtu anayeandika majina ya marehemu wake. Farasi wanne wa shaba waliopakwa dhahabu, wanaoaminika kuwa walipamba uwanja huo, walipelekwa Venice na kuwekwa juu ya mlango wa Basilika ya St Mark. Napoleon akawachukua kwenda Paris mwaka 1797, wakarudishwa 1815. Siku hizi wamehifadhiwa ndani ya basilika. Walio nje ni nakala.

Waturuki walipoingia mwaka 1453 walikuta majukwaa yaliyobomoka na nafasi wazi yenye nguzo. Wakaiita At Meydanı, uwanja wa farasi, na farasi kweli wakarudi, safari hii kwa mchezo wa kurushiana fimbo juu ya tandiko. Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Sultan Suleiman, alikaa katika kasri pembeni yake, na baada ya vita vya Hungaria vya 1526 alisimamisha mbele yake sanamu za shaba zilizotoka Buda. Watu walichukizwa. Mshairi Figani, aliyehusishwa na beti za kumkejeli waziri kwa masanamu hayo, alinyongwa mwaka 1532. Miaka minne baadaye Ibrahim naye akanyongwa kwa amri ya sultani, na sanamu zikaondolewa. Mwaka 1582 Sultan Murad III alifanya hapo sherehe ya jando ya mwanawe Mehmed iliyodumu zaidi ya siku 50, vyama vya mafundi vikipita na karakana zao juu ya magurudumu: waoka mikate, wapuliza vioo, wafinyanzi. Kuanzia 1609 Sultan Ahmed I akajenga msikiti wake juu ya upande wa mashariki, na majukwaa ya mwisho yakatoweka.

Lakini watu hawakuacha kupaita hapo mahali pa kudai haki. Mwaka 1656 askari waliolipwa kwa sarafu duni walikusanyika At Meydanı na kumtaka Sultan Mehmed IV, kijana wa miaka 14, awatoe maofisa wa kasri waliowalaumu. Miongoni mwa waliotolewa alikuwamo mkuu wa matowashi weusi, cheo ambacho wenye nacho walikuwa Waafrika walionunuliwa utumwani wakiwa watoto. Miili yao ilitundikwa kwenye mti mkubwa wa uwanjani. Mwaka 1826, Sultan Mahmud II alipoamua kuwamaliza askari wa Janisari, bendera takatifu ya Mtume ilitolewa na kuwekwa katika Msikiti wa Sultan Ahmed, na raia wakaitwa kuja kusimama nayo.

Kaisari wa mwisho kuacha alama hapo alikuwa Mjerumani. Wilhelm II alizuru mwaka 1898, na kama shukrani akatuma chemchemi ya maji yenye kuba, iliyotengenezwa Ujerumani vipande vipande, ikazinduliwa Januari 1901. Ni nzuri, lakini haina uhusiano wowote na mahali ilipo.

Mei 1919 Istanbul ilikuwa chini ya majeshi ya washindi wa Vita Kuu, na tarehe 15 wanajeshi wa Ugiriki wakatua Izmir. Siku nane baadaye maelfu kwa maelfu walijaa kati ya nguzo zile, bendera zimefungwa vitambaa vyeusi, huku ndege za washindi zikiruka chini chini juu ya vichwa vyao. Aliyewahutubia kwa namna iliyokumbukwa zaidi ni mwanamke, mwandishi Halide Edib. Machi 1920 Waingereza na washirika wao walipoukalia mji rasmi, alitorokea Anatolia kujiunga na Mustafa Kemal, kiongozi wa upinzani. Serikali ya sultani iliwahukumu wote wawili kifo bila wao kuwepo mahakamani. Miaka miwili baadaye ni usultani uliofutwa. Halide Edib aliishi hadi 1964.